Toba Niliyomwandikia Bibi Nambike

Siku ya kuniaga hapa makao ya wazee mlinipa doti mbili za kanga, mkakata keki, zikafuata hotuba. Hotuba zilipokwisha nilikwenda jikoni kuosha vikombe, maana mikono yangu ilikuwa bado haijapata barua ya kustaafu. Ninyi wahudumu wa zamu ya asubuhi mkanifuata huko mkaniuliza jambo ambalo mgeni rasmi hakuliuliza: mzee akikataa kuombewa, mhudumu afanyeje? Hilo halijibiwi huku umeshika sabuni, nikasema nitaandika.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Nilianza kama mhudumu wa kuogesha na kulisha, nikamaliza kama mhudumu wa kuogesha na kulisha ambaye pia anaendesha ibada ya asubuhi na nyimbo za jioni. Katikati palikuwa na semina, na vyeti vyake vyote viko sandukuni, salama kabisa, havijawahi kumsaidia mtu.

Nilishuka kutoka Gonja nikiwa na begi moja na kitabu cha nyimbo. Huko juu nilizoea ukungu na blanketi mbili. Hapa chini, Same, nikakuta joto la kuivisha ndizi na vumbi linaloingia hata kwenye kopo la sukari lililofungwa. Makao yetu yalikuwa mabweni mawili na jiko la kuni. Wazee wengi walikuwa wameteremshwa kutoka milimani kama mimi, na kila asubuhi walilaumu jua kana kwamba ni mimi niliyelileta.

Asubuhi yangu ya kwanza niliingia bweni la wanaume na kumkuta mzee amelala akitazama ukuta. Sikumuuliza jina. Nilifungua kitabu nikaanza kuimba, tena kwa madaha, nikijua kwamba mbingu na uongozi wa makao wote wananisikia. Nilipofika ubeti wa tatu mzee aligeuka na kuniambia kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kwa upole mkubwa, kwamba anaomba kopo la kukojolea.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Elieshi, muuguzi wetu mkuu wa wakati ule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Hakucheka. Alichukua kopo, akamsaidia mzee, akanawa mikono, kisha akaniita kando.

"Binti," akasema, "mtu aliyebanwa na haja usimwimbie habari za mbinguni. Mpe kwanza nafuu ya hapa duniani."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa shule yangu. Mama Elieshi alinifundisha kupasha mikono moto kabla ya kumgusa mzee. Alinifundisha kuvuta kigoda na kukaa, ili macho yangu yawe chini ya macho ya mgonjwa, na kujua ni sikio lipi linalosikia. Alinifundisha nani ni Mlutheri, nani ni Mkatoliki anayetaka rozari yake iwe upande wa kushoto wa mto, nani ni Msabato ambaye Jumamosi yake haiguswi, na nani ni Mwislamu wa kuwekewa maji ya udhu kabla hajaomba. Jambo moja alilirudia mpaka nikamchoka: kabla ya kufungua kitabu, uliza. Nilidhani nimelielewa. Mtaona nililielewa kwa kiasi gani.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Herufi za vitabu vya nyimbo ni ndogo kama chawa, kwa hiyo nilikusanya kalenda zilizopitwa na mwaka, nikaandika beti nyuma yake kwa kalamu nene na kuzitundika ukutani kwa pini za kanga. Niliandika kwa Kiswahili, kisha kwa Chasu. Wazee wetu Kiswahili wanakijua, ni cha sokoni na cha serikalini, lakini nyimbo ziliwaingia utotoni kwa lugha ya mama. Nilikuwa na bibi mmoja aliyekwisha kusahau majina ya watoto wake wote sita. Ukimwanzishia wimbo kwa Chasu, alikwenda na sauti ya pili hadi mwisho, na ukikosea aliupiga mkono wako.

Kuhusu swali lenu. Wapo waliokataa kabisa. Babu mmoja, aliyekuwa dereva wa malori, aliniambia kwamba amesikia mahubiri ya kumtosha na sasa anataka kusikia matokeo ya mpira. Mwaka wangu wa kwanza ningemwimbia kwa sauti kubwa zaidi. Yeye nilimkuta mwaka wa tisa, kwa hiyo nilimsomea matokeo ya mpira kila Jumatatu kwa muda wa miezi saba. Hakuomba kuombewa hata siku ya mwisho. Aliomba nimshike mkono, nikamshika, na sala niliyoomba nilikaa nayo mwenyewe. Sioni kama nilishindwa.

Sasa nifike kwa Bibi Nambike, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kupoteza karatasi.

Aliletwa na mwanawe, Athumani, muuza vitunguu wa Hedaru, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Bibi alikuwa amevunjika nyonga na haikuunga vizuri. Athumani alikuwa amefiwa na mke, na nyumbani kwake hapakuwa na mwanamke wa kumwogesha mama yake.

"Dada," aliniambia akiwa ameshika mpini wa kiti cha magurudumu, "mama ni Mkristo. Sisi wengine wote ni Waislamu. Msije mkachanganya."

Sikuchanganya. Bibi mwenyewe asingeruhusu. Siku ya pili tu alinisahihisha wimbo, akanitajia noti zake, do hadi do, na kuniambia kwamba nimekuwa nikiwafundisha wazee wa watu makosa. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo za jioni. Sauti ilikuwa imekwaruzika lakini ilijua njia.

Kulikuwa na jambo moja. Kila mwezi mchungaji alipokuja kutuletea Chakula cha Bwana, Bibi Nambike aliomba asukumwe nje, kwenye kamba za nguo. Mara ya kwanza nilimsukuma. Mara ya pili, nikikumbuka mafunzo yangu, nilimfuata na kopo.

"Siyo kopo," akasema. "Mimi nimetengwa."

Alinieleza huku akikunja taulo zilizokauka, maana hakuweza kukaa bila kazi. Alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika mmoja wa milimani ambao jina lake nitalihifadhi. Akapendana na Rajabu, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa akipanda kununua maharage. Wakafunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Baraza la wazee wa kanisa likakaa na kumtenga: hakuna Meza ya Bwana, hakuna kwaya, na siku ya kufa hakuna kengele. Akahamia Hedaru kwa Rajabu, ambaye sasa alikuwa amekwisha kufa. Yeye hakuwahi kurudishwa, na hakuwahi kwenda kwingine.

"Nikifa watanifukia tu," akasema. "Bila kengele, bila wimbo. Kama ng'ombe wa mtu."

Ninyi mliokulia mjini mnaweza kutabasamu. Kwetu, mtu anayezikwa bila kengele hata majirani hushindwa kujua wamlie vipi. Nilikuwa nimeona miguu yake ikivimba. Daktari alikuwa ameniambia kwamba moyo umechoka na tuhesabu wiki, si miaka. Nilirudi ndani nimekasirika, na hasira yangu huwa inakwenda moja kwa moja miguuni. Nikaamua kwamba Bibi huyu hatafukiwa. Atazikwa.

Mchungaji wetu alisema hawezi kumfungua mtu ambaye jina lake liko katika rejista ya usharika mwingine. Basi nikapanda mlima. Mara ya kwanza nikakuta wazee wa kanisa wote wamekwenda msibani. Mara ya pili nikampata Mzee Mbwambo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mrefu aliyekonda, aliyefiwa na mke, anayevaa koti hata wakati wa kupalilia. Alitoa rejista kabatini, akapekua taratibu, akaweka kidole kwenye jina lililopigwa mstari.

"Alete barua ya toba," akasema, "na aje asimame mbele ya usharika."

"Hawezi kusimama, mzee."

Akafikiri. "Basi aje akae."

Kwa Mzee Mbwambo huo ulikuwa ukarimu mkubwa, nami niliupokea hivyo.

Hapa ndipo nilipokosea, nanyi msome polepole. Barua ya toba ina maneno yake ambayo kila mtu wa kanisa huku kwetu anayajua. Nilikuwa nimewaandikia wazee wa makao barua nyingi, za kwenda kwa watoto wao, za kwenda kwa mtendaji, na mkono ulikuwa umezoea kukimbia kuliko kichwa. Nilikaa ofisini nikaiandika yote kwa robo saa, kwa mtindo ule ule wa siku zote. Kisha nikaenda kitandani kwa Bibi na kidau cha wino wa mhuri. Alikuwa na homa.

"Bibi, unataka kurudi kundini?"

"Nataka, mwanangu."

"Basi weka dole hapa."

Akanitazama. "Umeandika nini?"

"Yale ya kawaida," nikasema.

Akaweka dole. Mtu niliyekuwa namwogesha kila siku, aliyeniachia mwili wake wote, angeachaje kuniamini kwa karatasi?

Tulipanda Jumapili kwa pikapu ya kubebea tangawizi, harufu yake mpaka kwenye nywele. Kiti cha Bibi tulikifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Athumani alikuja tangu alfajiri na alisimama nyuma ya kiti njia nzima, amekishika kwa mikono miwili, na kwenye kona zile za juu ya korongo nilimwona akifumba macho. Bibi hakufumba. Alikuwa akitaja mashamba ya watu tuliyoyapita na wenyewe walikuwa nani.

Kanisani tulimweka mbele. Athumani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kofia yake ameiweka juu ya goti. Mchungaji wa usharika ule alikuwa kijana, mgeni, bado ana haraka ya kugeuza kurasa. Baada ya matangazo Mzee Mbwambo alisimama, akavaa miwani, akasoma barua yangu kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Mimi Nambike, ninakiri mbele za Mungu na usharika huu kwamba niliiacha njia, nikaishi na mwanamume katika uasherati kwa miaka mingi, nikazaa watoto katika dhambi..."

"Hapana," akasema Bibi.

Hakupaza sauti. Mzee Mbwambo aliinua macho juu ya miwani.

"Rudia hapo, mzee."

Akarudia. Kwa heshima, akarudia yote, pamoja na watoto. Niligeuka nikamwona Athumani akitazama sakafu, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeyaandika, lakini sikuwa nimeyasikia.

"Hayo siyo yangu," Bibi akasema. "Rajabu alikuwa mume wangu. Alinioa mbele ya serikali, na mbuzi wake wa mahari baba yangu aliwala, na baadhi ya waliokula naye wamo humu ndani. Hakunipiga hata siku moja. Hakunikataza kuomba hata siku moja. Kama mlango wa kuingilia ni huo, nirudisheni kwenye gari."

Mtoto alikohoa. Nilitazama viatu vyangu, na nakiri kwamba kwa muda nilitumaini kuna mtu mwingine atakayesema neno. Mwisho wake nikasimama. Mgeni hasimami katikati ya ibada ya watu, tena kuongea na mzee wa kanisa, lakini nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Mzee, nisamehe. Maneno hayo ni yangu."

"Na dole?"

"Dole ni lake. Maneno ni yangu. Sikumsomea. Kama kuna wa kutengwa leo kwa barua hii, mniandike mimi."

Nilikuwa nimemleta mwanamke anayekufa, kwenye barabara ile, ili apate anachokitaka kuliko vyote, na nilikuwa nimekiharibu mwenyewe mbele ya macho yake na ya mwanawe. Sijawahi kuona aibu kama ile, na siombi kuisahau.

Mchungaji kijana alishuka madhabahuni. Alichukua barua mkononi mwa Mzee Mbwambo, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya Bibi. Hakuna aliyemfundisha.

"Bibi," akasema, "wewe mwenyewe una toba gani?"

Bibi aliinyoosha kanga yake magotini, kama alivyokuwa akizinyoosha zile taulo.

"Ninayo," akasema. "Waliponitoa kwaya walimpa Elineema nafasi yangu. Nilimwombea sauti ikauke. Si mara moja. Kila Jumapili, saa yao ya kuimba, nilikuwa naomba hivyo. Halafu akaugua koo, nikafurahi. Nilifurahi kabisa. Akafa, sikuja kumzika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Rajabu hajawahi kuninyima usingizi."

Wanawake wa upande wetu waliangaliana, kisha wote wakamtazama Mzee Mbwambo. Mimi mgeni nilikuwa wa mwisho kuelewa. Elineema alikuwa mke wake.

Mzee alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaivua tena.

"Ilikuwa kansa," akasema. "Siyo maombi yako, Nambike."

"Naijua kansa. Nasema nilivyoomba."

"Nimesikia." Akageukia mabenchi ya kwaya. "Elineema mwenyewe alikuwa akisema nyumbani kwamba pale kwenye kwaya amekalia kiti cha mtu. Alitaka kukufuata Hedaru. Mimi ndiye niliyemkataza."

Utaratibu unataka mzee wa kanisa ampe anayerudi mkono wa kuume. Mzee Mbwambo alitembea hatua zile tano kana kwamba ni kilima, akampa Bibi mkono, na hakuuachia mara moja. Mchungaji akasema maneno yake. Usharika ukaitikia, wengine kwa machozi, mimi mmojawapo. Bibi hakulia. Alipoletewa Meza ya Bwana alipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, na akakaa hivyo mpaka watu wote walipokwisha kurudi kwenye mabenchi. Sikumgusa.

Wakati wa kurudi nilimwomba Athumani msamaha, pale pale kwenye pikapu. Aliniambia, "Dada, mama amenijibia." Bibi mwenyewe alininunia wiki nzima. Nilimwogesha, nikamlisha, akinijibu ndiyo na hapana, na alikuwa na haki. Siku ya nane aliniambia nimekosea tena noti ya wimbo wa jioni, nikajua nimesamehewa.

Tangu hapo sijaandika neno la mzee bila kumsomea, herufi kwa herufi, awe na homa au asiwe nayo, hata kama gari linapiga honi nje. Sijasema tena "yale ya kawaida". Nanyi msiseme. Mzee akikataa, muulize anakataa nini, kisha nyamaza mpaka amalize. Mara nyingi anakataa maneno yako tu.

Bibi Nambike alifariki mwezi uliofuata, asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Tulimpandisha tena mlima, na safari hii kengele ya usharika ilianza kulia tulipokuwa bado tuko kwenye kona ya mwisho chini ya kanisa. Mzee Mbwambo ndiye aliyekuwa anavuta kamba, bila koti. Bibi alizikwa kwenye shamba la baba yake, kati ya migomba.

Kwaya ilikuwa imekuja yote. Bibi alikuwa ameuchagua wimbo mwenyewe, na aliuchagua kwa Chasu. Vijana wa kwaya waliuanza vizuri, ubeti wa kwanza, wa pili, kisha wakatazamana. Vitabu vyao ni vya Kiswahili na mengine hawakuyajua. Sauti zilififia moja moja. Nilianza kusogea mbele niwasaidie.

Ndipo sauti ya mwanamume ilipoendelea, kutoka upande wa waliokuwa wakifukia. Aliimba ubeti wa tatu bila kusita, wa nne, mpaka wa sita ambao hata mimi nilikuwa sijawahi kuusikia, na kwaya ikamfuata kwa kuvumisha sauti tu. Alikuwa Athumani, kofia yake kichwani, sepeto mkononi.

Baadaye, tukinawa mikono, nilimuuliza alijifunzia wapi.

"Jikoni kwa mama," akasema. "Alikuwa akituimbia anapokoroga uji, kila asubuhi, kabla hatujaenda madrasa."